Karatasi ya makatazo ilitaka kummaliza mama, mtaalamu wa lishe akaanza na bakuli lake (sukari, presha, figo)

Mtoto wa Bi Mkubwa (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, kuandika ni mara chache. Leo naandika kirefu kwa sababu kila wiki naona mtu anauliza "mgonjwa wa sukari ale nini?" na majibu yanamwagika: dona, muhogo, mlonge, parachichi, acha wali, acha nazi. Sisi nyumbani tulipita njia hiyo hiyo miaka saba, na nusura tumpoteze mama.

Bi mkubwa ana miaka 63, anaishi Pangani, pwani ya Tanga. Sukari iligundulika 2014, presha ikafuata. Siku ya kwanza kliniki alipewa vidonge na karatasi moja, kopi ya kopi, maandishi yamefifia. Upande mmoja vinavyoruhusiwa, upande wa pili marufuku. Kwenye marufuku kulikuwa na wali, sembe, ndizi, viazi, muhogo, nazi, embe, nyama, chumvi, mafuta. Kwa mtu wa Pangani hicho ndicho chakula chote anachokijua tangu utoto. Hakuna aliyemuuliza anapika nini, anawapikia wangapi, anakula saa ngapi.

Mama ni mtu wa kusikia la mkubwa na la daktari. Karatasi akaibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, akaifuata. Asubuhi chai ya rangi bila kitu. Mchana kijidonge cha ugali wa dona na mchicha wa kuchemsha, hauna chumvi wala tui. Usiku mara nyingi alilala na glasi ya maji. Alivyozidi kukonda sisi watoto tukasema sukari inamtafuna. Kumbe ilikuwa njaa.

Alfajiri moja ya 2021 mdogo wangu alimkuta amekaa sakafuni jikoni, kanga imelowa jasho chapachapa, anazungumza maneno yasiyoshikika. Mashine ya sukari ikasoma 2.8, chini mno. Alikuwa bado anaweza kumeza, tukamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, dakika kumi na tano tukapima tena, akaanza kututambua. Hospitali wakatueleza: kidonge alichokuwa anameza, glibenklamidi, kinaisukuma kongosho itoe insulini ya kushusha sukari, umekula au hujala. Chakula kilikuwa kimepungua zaidi ya nusu, dozi ikabaki ileile.

Daktari alibadilisha dawa, kisha akatuandikia twende chumba cha mtaalamu wa lishe, mle mle hospitalini. Sikujua kama kuna chumba hicho. Kipo mwisho wa korido, benchi moja nje, wagonjwa wawili tu wanasubiri, wakati foleni ya dawa ilifika uwanjani.

Ndani tulimkuta dada mmoja kijana. Akampa mama shikamoo, akampisha kiti chenye mto. Hakutoa karatasi. Alisema, "Mama, nieleze ya jana. Umeamka, kitu gani cha kwanza kilipita mdomoni?"

Mama akaitaja karatasi ya kabatini kama mtu anayesoma sura aliyoihifadhi. Dona. Mchicha. Chai kavu. Yule dada akaandika yote bila kubisha, halafu akauliza taratibu, "Na usiku mama, njaa ikikuamsha inakuwaje?"

Mama akanyamaza. Akavuta ushungi wake mbele kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba huamka saa nane akala kiporo cha wali wa wajukuu, kwenye sufuria, amesimama, taa imezimwa, ili asionekane. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilitamani nimshike mkono, nikashindwa.

Yule dada hakumkemea. Alisema, "Basi huo wali tuutoe usiku tuuweke mchana, kwenye sahani, ukiwa umekaa."

Wakuu, matibabu ya mama yangu yalianza pale.

Safari ya pili tuliagizwa tuje na bakuli analolia na upawa wa nyumbani. Bakuli la kauri lenye maua mekundu, la tangu harusi yake. Dada akafungua chupa ya maji ya nusu lita, akaimimina yote mle ndani, bado pakabaki nafasi ya kidole ukingoni. Akasema kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga kama gramu 45, na bakuli hili linabeba zaidi ya vikombe viwili. Ndipo nikaelewa kwa nini hata kwa dona sukari ilipanda: siku alizozidiwa na njaa alikuwa akilijaza bakuli lote, akijua dona haina neno. Dona ina nyuzinyuzi, ni kweli, lakini wanga wake ni wanga.

Mpango ulikuwa wake yeye na jiko lake. Wali au ugali wa dona kikombe kimoja cha usawa, ambacho kwa upawa wa mama ni pawa mbili zisizo na kilima. Mboga nusu sahani. Samaki kipande cha ukubwa wa kiganja chake. Nazi hakunyang'anywa, aliambiwa kasimile, lile tui zito la kwanza, iwapikie wajukuu, mchuzi wake upikwe na tui la pili. Papa mkavu na ng'onda, ambavyo mama akivikosa anaona hajala, aliambiwa aloweke usiku kucha, amwage yale maji, apike bila kuongeza chumvi, mara moja kwa wiki. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate na kwenye vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Embe aruhusiwe nusu, saa kumi jioni, mbali na wali. Na asilale na njaa.

Tulirudi baada ya wiki mbili, halafu mwezi, halafu kila miezi mitatu. Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa 10.4, baada ya miezi tisa kikawa 7.6. Sukari ya kushuka ghafla haijamrudia. Uzito wake umepanda kilo nne na uso umerudi.

Kuna sehemu ya pili, na hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Nitaileta jioni, sasa hivi niko kazini.

---

Kisima cha Tawi

Hapo kwenye sufuria gizani nimemuona marehemu bibi yangu. Allah ampe mama afya. Tunasubiri sehemu ya pili mkuu.

---

Fundi Mbagala

Uzi mzuri mkuu, ila niseme ukweli wangu. Hizi habari za mtaalamu wa lishe ni za wenye nafasi. Mimi ni fundi ujenzi, nimepimwa sukari mwezi uliopita ikasoma 9 sijala kitu, presha 150 kwa 95. Nakula kwa mama ntilie wa saiti. Sipangi mimi chakula, kinapangwa na mfuko. Mtu akinikalisha kunieleza samaki na saladi atanipotezea siku ya kibarua.

---

Mtoto wa Bi Mkubwa

Fundi, nimekuelewa na sikulaumu, nauli ya Pangani kwenda na kurudi ilituuma kuliko malipo ya kumuona. Lakini angalia tena orodha ya mama. Hakuna kitu kipya tulichonunua. Wali uleule, samaki walewale, upawa uleule. Kilichoongezeka ni mafungu mawili ya mboga, kilichopungua ni mchele na sukari. Yule dada aliuliza swali la pesa mapema kabisa: "Nyumbani siku ya dhiki mnakula nini?" Siku ya dhiki nayo ikaingia kwenye mpango.

---

Afisa Lishe Mikoani

Naomba nichangie kama mtu wa kazi hiyo, nina miaka kumi na mbili kwenye halmashauri na hospitali.

Fundi, nenda. Mwambie unakula kwa mama ntilie, usimfiche. Mimi mgonjwa akiniambia hivyo nafurahi, maana chakula cha mama ntilie nakijua, kinapimika: sahani ni ileile kila siku. Mgonjwa mgumu kwangu ni yule anayenitajia anachodhani nataka kusikia.

Wengi wanatuuliza tumetokea wapi. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wanasomesha shahada ya lishe ya binadamu. Ila kwa miaka mingi watu walituona kwenye unyafuzi wa watoto na kliniki za wajawazito tu, ndiyo maana mtu mzima mwenye sukari hajui kwamba chumba kile ni chake pia. Muombe daktari wako akuandikie. Asipotaja yeye, taja wewe.

Siku ya kwenda, chukua dawa zote unazotumia, pakiti zenyewe, pamoja na za mitishamba. Chukua majibu ya vipimo, hata ya zamani. Andika ulichokula siku tatu, mojawapo iwe Jumapili au siku ya shughuli, maana Jumapili tunakula tofauti. Kama anayepika ni mke, dada wa kazi au mkwe, njoo naye. Nimewahi kumfundisha mzee mmoja kwa saa nzima, akaenda nyumbani akamwambia mkewe neno moja tu: "wamenikataza". Kazi yangu yote iliishia hapo.

Na ninyi mnaochagua: mtaalamu wa kweli hakupi mpango kabla ya kuona vipimo vyako, hakuachishi dawa, hakuuzii unga wake wa kopo. Nikiona sukari ya mtu imeshuka sana baada ya kubadili mlo, namrudisha kwa daktari apunguze dozi. Kugusa dawa siyo kazi yangu.

---

Mtoto wa Bi Mkubwa

Ahsante sana Afisa Lishe. Sasa sehemu ya pili.

Baada ya mafanikio yale tukajisahau. 2023 mama aliruka miadi miwili, barabara ilikuwa mbaya na akajiona mzima. Watu wema wakaanza kumletea mazuri. Jirani alisikia sukari huenda na figo, akawa anamletea madafu mawili kila asubuhi "yakusafishe figo". Shangazi alileta parachichi kutoka Lushoto. Maharage na mchicha vikawa vya kila siku kwa kuwa tuliambiwa ni vyakula vya mgonjwa wa sukari. Na mimi, kwa mapenzi, nilimnunulia Dar ile chumvi ya dukani inayoandikwa ni ya watu wa presha, ya bei.

Akaanza kusema miguu mizito na moyo unamkimbia. Vipimo: uwezo wa figo kuchuja umeshuka hadi 38. Potasiamu (madini ya kwenye damu) 5.9, wakati juu kabisa inapaswa kuwa kama 5. Daktari alitueleza kwamba potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo bila kuaga. Wakampiga kipimo cha moyo palepale.

Kisha tukarudishwa kwa dada yuleyule. Alitandaza mezani vitu vyote tulivyokuja navyo kwenye mfuko, akaanza kutenga upande mmoja vinavyopandisha potasiamu. Pakiti ya losatani, dawa ya presha, ambayo nayo hupandisha potasiamu kidogo. Madafu. Parachichi. Maharage. Akaigeuza ile chumvi yangu, akanionyesha maandishi madogo ya mgongoni: kloridi ya potasiamu. Wametoa sodiamu wakatia potasiamu. Kwa mtu wa presha mwenye figo nzima yaweza kumsaidia. Kwa mama ilikuwa sumu niliyoileta kwa mkono wangu. Hilo sijalisahau.

Akaanza mpango upya. Madafu basi. Parachichi basi kwa sasa. Mchicha ukatwe mdogomdogo, uchemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, ndipo uungwe. Viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe hivyo hivyo. Alisisitiza kuloweka peke yake hakutoi kitu, maji yachemke na yamwagwe. Maharage mara mbili kwa wiki, kiasi cha vijiko vya kula vinne. Kabichi, biringanya na nyanya chungu viwe vya mara kwa mara. Tunda liwe kipande cha nanasi. Sukari ikishuka tusikimbilie juisi ya machungwa kama zamani, tutumie sukari ya kawaida kwenye maji.

Halafu akasema, "Na ugali mama, wakati huu upike wa sembe, kikombe kilekile kimoja."

Mama alimtazama. "Mwanangu, si wewe uliyeniweka kwenye dona?"

"Ni mimi mama. Wakati ule sukari ndiyo iliyokuwa inapiga kelele, figo zilikuwa kimya. Leo nazisikiliza zote mbili." Akamfafanulia kwamba pumba na kiini cha mahindi ndivyo vyenye potasiamu na fosforasi nyingi zaidi, na figo zake haziwezi tena kuzitoa kama zamani. Kwa kuwa kikombe ni kilekile, sukari haitapanda sana, na tutapima tuone.

Tulipima. Wiki sita baadaye potasiamu ilikuwa 4.8. Daktari akasema kwa sababu hiyo anaweza kumwachia losatani, ambayo inazilinda figo zake. Bila mabadiliko ya jikoni ilikuwa aiondoe.

Ndiyo maana nasema wakuu, mkinisoma msichukue orodha ya mama mkampe wa kwenu. Orodha iliyomfaa mama 2021 ndiyo iliyomdhuru 2023, na mwili ni wa mtu mmoja.

---

Mzizi Mkavu

Pole kwa mama. Ila tusidharau vya asili. Huku kwetu tunakamua mbirimbi, glasi moja asubuhi, sukari na lehemu zinashuka. Wazee walitumia.

---

Afisa Lishe Mikoani

Mzizi Mkavu, wazee walitia mbirimbi mbili tatu kwenye mchuzi wa samaki, na achari kidogo pembeni. Hilo halina ugomvi kwa mtu mwenye figo nzima. Glasi nzima ya maji yake mabichi ni jambo jingine kabisa. Mbirimbi ina asidi ya oksaliki nyingi mno, na ikiingia kwa wingi inatengeneza fuwele ndani ya figo. Wapo watu waliofikishwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa juisi hiyo, madaktari wa Kerala huko India wameandika habari zao. Nakusihi uiache, na ukapime figo wiki hii. Naandika hivi kwa uzito wote.

---

Mzizi Mkavu

Nimekusoma. Nitaenda kupima.

---

Mama Watatu

Nimelia kwenye sehemu ya pili. Mume wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki tangu mwaka jana. Kabla ya mashine tuliambiwa apunguze protini ili figo zisichoke: kipande kimoja cha nyama, yai moja, basi. Nilishika hilo kwa mikono miwili. Alipoanza mashine hakuna aliyeniambia kwamba mambo yamegeuka, nami nikaendelea kumpimia kinyama kama cha mtoto. Akaisha mwili. Akitoka kwenye mashine hawezi kupanda ngazi tatu za nyumbani.

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyeniuliza, "Mama, huyu anakula nini?" Akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe. Kumbe mashine inapotoa uchafu inaondoka pia na protini, na mtu wa kusafishwa anahitaji zaidi ya mtu mzima wa kawaida. Mume wangu ana kilo 60, akanipigia hesabu gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Nilikaa pale nikahesabu kwa vidole nilivyokuwa nampa, ilikuwa haifiki 30.

Sasa anakula mayai mawili asubuhi, samaki mchana, kuku usiku. Dagaa kwake tumepunguza, kwa sababu analiwa na mifupa yake na mifupa ni fosforasi. Soda nyeusi zile hazikanyagi kwangu. Maji anapimiwa kwenye chupa, na barafu anayomung'unya inahesabiwa. Ngazi anapanda.

Dada zangu mnaopikia wagonjwa, kila hali inapobadilika ulizeni tena. Msipike kwa agizo la mwaka jana.

---

Mvita

Asalaam aleykum. Kutoka Mombasa. Naongeza la Ramadhani maana inakaribia na wazee wetu hawataki kuambiwa wasifunge.

Babangu yuwa na sukari, hutumia vidonge vya metformini na sindano ya insulini usiku. Mwaka wa kwanza alifunga kimya kimya, akala futari ya kwetu kama ilivyo: viazi vya nazi, mihogo, tambi za sukari, kaimati, uji, tende saba. Saa tatu usiku sukari yake ilikuwa 19. Mwaka uliofuata tulimpeleka kabla ya Shaabani kuisha. Daktari akapanga upya sindano, mtaalamu wa lishe akapanga sinia.

Hakuondoa futari. Alisema wanga uwe wa aina moja kila siku: leo viazi, kesho mihogo, kesho kutwa tambi, na tambi zipikwe kwa chumvi na mdalasini badala ya sukari. Tende mbili. Supu na samaki kwanza, wanga baadaye, baada ya Magharibi. Daku asiiache, na aicheleweshe karibu na alfajiri, iwe na mbaazi au mayai zimkae tumboni. Na apime mchana. Sheikh wetu alimhakikishia kuchoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6 afungue, hakuna mjadala. Babangu alifungua siku mbili kati ya mwezi mzima, akazilipa baadaye.

Kwa walio Kenya, kuna sheria ya 2007 iliyounda KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe. Mtu akikuambia ni mtaalamu, muulize nambari yake ya usajili. Hiyo si dharau, ni haki yako.

---

Msambaa wa Leicester

Niko Uingereza miaka kumi na tano. Hapa cheo cha dayatishani, yaani mtaalamu wa lishe ya wagonjwa, kinalindwa na sheria, huwezi kukitumia bila usajili. Ila neno nyutrishonisti mtu yeyote anaweza kujiita, na wengi wanajiita.

Nina sukari ya miaka mitatu na nilikuwa na kilo 104. Dayatishani wangu hakuwahi kuona ugali maishani mwake. Alinipa kijitabu kina viazi vya kuoka na mkate. Nilirudi na picha za simu: ugali wangu, makande yangu, bada (ugali wa muhogo) ya shangazi aliponitembelea. Akacheka kwa furaha, akavuta kiti, akaniambia "nifundishe kwanza". Tukapima tonge kwa mizani ya jikoni.

Kuna utafiti wa hapa unaitwa DiRECT, ulitoka Desemba 2017. Watu wenye sukari ya aina ya pili isiyozidi miaka sita, wasiotumia insulini, waliwekwa kwenye mlo mdogo sana wa vinywaji maalumu miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole huku wakisimamiwa. Baada ya mwaka 46 kati ya kila 100 walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Mimi niliingizwa kwenye mpango wa namna hiyo, nimeshuka kilo 16, situmii dawa tangu Februari, na bado napimwa.

Sasa nikimsoma mama wa Pangani naona wazi: mpango ulioniokoa mimi ungemuua yeye. Alikuwa anakufa njaa.

---

Mtoto wa Bi Mkubwa

Msambaa, hilo la mwisho nimemsomea mama kwa simu. Amesema nikupe salamu na ule makande kwa kiasi.

---

Fundi Mbagala

Wakuu nimerudi. Imepita kama wiki tatu. Maneno ya Afisa Lishe yalinikaa, nikaomba ruhusa nusu siku, nikaenda hospitali ya wilaya. Nilimwambia ukweli wote: supu na chapati mbili asubuhi, ubwabwa maharage mchana, chipsi usiku, chai nne saiti.

Hakugusa ubwabwa kwanza. Alianza na chai. "Sukari vijiko vingapi?" Nikasema vinne. Akachukua kikombe cha bati kilichokuwa pale, akaniambia nitie sukari kama ninavyotia kazini, akahesabu yeye. Vilikuwa vinne kweli, lakini vya kilima. Mara nne kwa siku. Akamimina yote kwenye sahani nyeupe, kichuguu. Sikusema kitu.

Tumekubaliana wiki ya kwanza viwili, ya pili kimoja. Chapati moja, supu bila kuongeza chumvi mezani. Kwa mama ntilie niombe ubwabwa nusu, maharage yaleyale, kabichi mara mbili. Mama ntilie alinishangaa siku ya kwanza, siku ya tatu akawa ananiwekea kabla sijaomba, na mafundi wawili wameanza kuagiza "sahani ya Fundi". Sikuongeza hata mia. Sukari ya chai nilikuwa nanunua mwenyewe, kilo iliyokuwa inaisha haraka bado ipo.

Asubuhi ya leo imesoma 7.4. Presha daktari ameniongezea kidonge kimoja, amesema hiyo haitasubiri chai. Narudi tarehe 14, na ameniagiza nije na mke wangu na sufuria tunayopikia usiku.

---

Mtoto wa Bi Mkubwa

Fundi umenifurahisha kuliko unavyojua. Beba na upawa.